Kuchagua breki pedi za gari kuukuu kwa anayeendesha milimani

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kumaliza mwaka mzima na breki pedi za bei chee asijue kama ana tatizo. Anakanyaga kwenye foleni, gari linasimama, yamekwisha. Huku kwetu Mbeya mlima haukubali utani huo. Kutoka Uyole kwenda Kyela unapanda kwanza mpaka kwenye ukungu na mashamba ya viazi ya Isongole, halafu unashuka, unashuka, unashuka: Kiwira, Tukuyu, mpaka unapokutana na joto la Ziwa Nyasa, zaidi ya mita 1,000 chini ya ulikotoka. Watu wa Iringa wana mteremko wa Kitonga. Anayekwenda Matamba kutoka Chimala anazijua kona hamsini na saba, na kila aliyezipanda ana deni la kuzishuka.

Tupige hesabu kidogo. Gari dogo lenye watu na mizigo lina kama kilo 1,300. Kila linaposhuka mita 100 za mwinuko kwa mwendo uleule, kuna nishati ya karibu megajuli 1.3 ambayo lazima iende mahali. Upepo unachukua kidogo, injini inachukua nyingine kama umeweka gia ndogo, na iliyobaki inaishia kwenye diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) na pedi zinazoibana, ikiwa joto. Joto hilo lote lingetosha kuchemsha kama lita nne za maji ya bomba. (Na maji ya Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa sababu ya mwinuko. Ndiyo maana maharage yetu yanakula mkaa.) Zidisha hiyo mara kumi, ndiyo safari ya Kyela.

Mimi nilifundishwa na Carina TI iliyonifikia ikiwa imeshapita mikono mitatu. Nilinunua pedi kwa nusu ya bei ya kawaida, kwenye duka ambalo sina haja ya kulitaja, zikafungwa kwa dakika ishirini, nikafurahi. Wiki iliyofuata nikashuka Kyela na magunia mawili ya viazi na watu wanne. Chini ya Tukuyu ikaanza harufu kama plastiki inaungua. Nikakanyaga: pedeli ngumu kama kawaida, lakini gari halipungui. Niliteremsha gia mpaka ya kwanza, injini ikalia kama inasagwa, tukaenda kusimama kwenye kipande kilichonyooka mbele ya migomba. Abiria mmoja, mama wa makamo, alishuka bila kusema neno, akachukua kapu lake, akapanda bodaboda.

Ukumbuke hilo la pedeli ngumu, kwa sababu breki za mlimani zinakufa kwa njia mbili na kila moja ina mkosaji wake. Pedeli ikiwa ngumu huku gari likikataa kupungua, pedi ndizo zimezidiwa: gundi iliyoshikilia mchanganyiko wake imeanza kuungua, inatoa gesi, na sura ya pedi inateleza. Pedeli ikizama hadi chini kama unakanyaga mto wa pamba, mafuta ya breki ndiyo yamechemka kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, kuna mvuke ndani. Ukibadilisha pedi wakati tatizo ni mafuta, umetupa hela, na mlima utakukumbusha.

Anza na gari, duka baadaye

Gari nyingi za zamani tulizonazo, Corolla 110, Starlet, Carina, Noah za kwanza, zina diski mbele na dramu nyuma. Mbele ndiko kunakofanya kazi kubwa, kwa sababu gari likipunguza mwendo uzito wote unainamia mbele. Kwa hiyo tukisema breki pedi, mara nyingi tunazungumzia za mbele. Nyuma ni breki shuu, zinazosugua ndani ya dramu. Baadhi ya gari, kama GX 100 na zile zenye nguvu, zina diski pande zote. Piga tochi kwenye matundu ya rimu utaona mwenyewe.

Kisha chukua namba ya chesisi. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Zina herufi za modeli, kistari, halafu namba. Kwenye Toyota utaikuta kwenye kibati ndani ya boneti, ukutani nyuma ya injini, na kwenye kadi ya gari. AE110 na EE111 zote mtaani ni "Corolla 110", lakini injini ni tofauti na breki zinaweza kutofautiana. Ukimwambia muuzaji "nipe za Corolla", umempa ruhusa ya kukupa anachotaka kiishe.

Lakini namba ya chesisi inasema gari lilivyotoka kiwandani, na gari la miaka ishirini na tano si lile tena. Kalipa moja ilishaharibika enzi za mmiliki wa pili, ikawekwa ya mtumba kutoka gari jingine. Nimewahi kuona Corolla yenye kalipa ya kulia na ya kushoto zisizofanana, na mwenyewe analalamika miaka yote kwamba gari "linavuta". Kwa hiyo namba tunaichukua, ila shahidi mkuu ni pedi kuukuu iliyomo ndani.

Vua tairi, usome pedi ya zamani

Sehemu hii usiipite haraka, na ndiyo mafundi wengi wanairuka. Pedi ya zamani hubeba habari yote ya namna gari lilivyokuwa linasimama.

Paki mahali tambarare pasipo tope, vuta hendbreki, weka gia, ziba tairi za nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Legeza nati kabla ya kuinua jeki, si baada. Gari likishainuka, weka stendi au gogo imara chini ya chesisi; jeki peke yake usiiamini hata kama ni mpya. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Pedi za zamani, na baadhi ya zinazouzwa bila jina, huenda zina asbestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Tumia kitambaa kibichi.

Kupima unene huhitaji kifaa cha gharama. Kijiti cha kiberiti kina kama milimita 2. Pedi mpya ya gari dogo huwa na milimita 10 hivi za kitu cha kusugua, bila kuhesabu bati la mgongoni. Zikibaki chini ya vijiti viwili, anza kutafuta pedi nyingine bila haraka. Ikibaki sawa na kijiti kimoja, usishuke Kitonga nayo, hata kama fundi anasema "bado inasogea, bosi". Pedi nyembamba hupeleka joto moja kwa moja kwenye pistoni ya kalipa inayoisukuma, na kwenye mafuta. Mjini utamaliza nayo mwezi. Mteremkoni hiyo ndiyo inayochemsha mafuta.

Sasa linganisha. Toa pedi zote nne za mbele, zipange chini kama zilivyokaa: kulia ya ndani, kulia ya nje, kushoto vilevile.

Ya ndani imeisha sana kuliko ya nje? Kalipa haitelezi kwenye pini zake. Pini zimekauka grisi au zina kutu, kwa hiyo pistoni inasukuma pedi ya ndani tu na ya nje inaangalia. Hili ndilo ninaloliona mara nyingi, na sababu yake kwetu haijifichi: tope la masika, vumbi la kiangazi, na raba za pini zilizopasuka ambazo hakuna anayezibadilisha.

Upande mmoja wa gari umeisha kuliko mwingine? Pistoni ya upande huo hairudi vizuri, au bomba la raba limevimba ndani likawa linashika mafuta. Usiweke pedi mpya juu ya ugonjwa huo, zitaisha vilevile.

Imeisha kimshazari, nene huku nyembamba kule? Pedi imekwama kwenye kitako chake, au kitako kimelika.

Sura yake inang'aa kama kigae, imekuwa nyeusi na laini? Hiyo iliungua. Ama ilikuwa dhaifu kwa kazi uliyoipa, ama ulishuka umekanyaga pedeli toka juu mpaka chini. Ikiwa na nyufa za ndani au kipande kimebanduka kutoka kwenye bati, hiyo ni duni na boksi lake usilirudie. Ikilowa mafuta, tafuta yanapotoka kwanza: silinda ya pistoni, au grisi ya ekseli ya gurudumu. Pedi iliyonyonya mafuta haiokoki kwa kuchomwa moto wala kusuguliwa msasa, ingawa utaona watu wanafanya hivyo.

Diski nayo ina umri

Tazama ukingoni au katikati ya diski utaona maandishi yaliyogongwa, MIN TH, na namba. Ni unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Turneri yeyote ana venia, atakupimia kwa dakika moja. Diski iliyo chini ya namba hiyo haina nyama ya kubeba joto, na pedi bora kuliko zote zitaungua juu yake.

Ukiona ukingo umeinuka kama mdomo wa sufuria, mabaka ya bluu, au usukani unatetemeka ukikanyaga breki, diski inahitaji kuchongwa, ikiwa bado ina unene wa kutosha baada ya kuchongwa. Nyufa zinazofika ukingoni, itupe. Mikwaruzo midogo na kutu ya usiku mmoja wa mvua za Rungwe si kitu. Inaondoka kwa kukanyaga mara mbili tatu asubuhi.

Kuna wanaochonga diski kila wanapobadilisha pedi, kama desturi. Binafsi nadhani ni kula diski bure.

Pedi imetengenezwa na nini

Dukani utasikia majina matatu. Za oganiki hutengenezwa kwa nyuzi zisizo za chuma na gundi; ni laini, hazipigi kelele, hazili diski, na zinashika vizuri asubuhi ya baridi. Udhaifu wake ni joto la muda mrefu. Tahadhari tu: oganiki ya mtengenezaji mzuri wa Kijapani, aina iliyokuja na gari lenyewe, inavumilia kuliko "metali" ya jina lisilojulikana.

Za nusu metali zina chuma, shaba na madini, kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wake. Hizi zinahimili joto na kulipeleka mbali na sura ya pedi. Kwa Noah inayobeba abiria Mbeya hadi Tukuyu, Hiace, au pikapu ya mizigo ya Makambako na Njombe, mimi ningeanzia hapa. Utalipia kwa kelele, kwa vumbi jeusi kwenye rimu, na diski itakwisha mapema kidogo. Asubuhi ya Juni pale Uyole, ile ya kupangusa barafu kwenye kioo, kanyago la kwanza linaweza kuwa zito. Pasha breki taratibu kabla ya kufika barabara kuu.

Za seramiki ni tulivu, safi, hazibadilikibadiliki joto likipanda, na bei yake iko juu. Shida si seramiki, shida ni neno. Kuandika "Ceramic" kwenye boksi hakugharimu chochote, na pedi ninazoziona zimeandikwa hivyo kwa bei ya soda tatu haziwezi kuwa seramiki. Kwa Corolla au Carina ya familia isiyobeba kupita kiasi, ningechukua pedi za kampuni inayojulikana kwa breki, kama Akebono, Advics, Nisshinbo au Bosch, za aina ileile iliyokuja na gari, kabla ya kuifukuzia seramiki isiyo na jina.

Usichanganye mbele. Pedi hubadilishwa zote nne za ekseli moja, kulia na kushoto, siku moja, boksi moja. Na kama gari lako lina diski nyuma pia, usiweke kali nyuma huku mbele kuna laini. Nyuma ikikamata kwanza kwenye kona yenye utelezi, mkia ndio unaotangulia.

Herufi mbili za pembeni

Geuza pedi, usome ukingo au mgongo wake. Katikati ya namba utaona herufi mbili: EE, FE, FF, GF, GG. Ni kiwango cha msuguano kwa mfumo wa Kimarekani. Ya kwanza ni hali ya kawaida, ya pili ni pedi ikiwa moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55.

Kwa barabara zetu mimi naisoma herufi ya pili kwanza. FE maana yake itakushika vizuri mjini Mwanjelwa na itakulegea chini ya mlima. EE naiacha dukani. FF inatosha gari dogo, GF au GG ni ya mzigo. Lakini herufi hizo usizifanye msahafu. Zinatokana na kipimo cha kipande kidogo cha kitu cha kusugua. Hazisemi kama gundi ya bati ni imara, wala pedi itadumu kilomita ngapi. Na anayechapa boksi feki anaweza kuchapa FF pia.

Alama nyingine ya kutafuta ni E kubwa ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, ikifuatiwa na maandishi yanayoanza na 90R. Ni idhini ya kanuni ya kimataifa inayotaka pedi mbadala isipishane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika kusimamisha gari. Ukiikuta, vizuri. Usipoikuta kwenye pedi ya Kijapani ya soko la kwao, hiyo peke yake haina maana ni feki.

Toyota wenyewe wana namba zao. Pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na breki shuu za nyuma 04495, kisha kistari na tarakimu tano. Kampuni nyingine huandika kwenye boksi lao namba ya Toyota wanayoifuata. Ukishapata yako, usiipoteze.

Dukani

Nenda mwenyewe, ukiwa na pedi kuukuu mkononi, ya ndani na ya nje, pamoja na vibati na klipu zake. Fundi atakwambia, "Niachie hela bosi, mimi nawajua." Anawajua kweli, na wanajuana naye, na tofauti ya bei inaishia wapi haihitaji mtabiri. Hakuna ubaya kwenda naye. Jicho lake lina thamani. Ila hela zikae kwako. Wazee wanasema biashara asubuhi, na kwa pedi nakubaliana nao kwa sababu nyingine kabisa: ukinunua asubuhi ukafunga mchana, ukikosea una muda wa kurudisha kabla duka halijafungwa.

Weka pedi mpya juu ya kuukuu, bati kwa bati. Umbo lilingane mpaka masikio ya pembeni, matundu na vijipembe. Tofauti ya milimita moja ya sikio inatosha pedi kukwama au kucheza kwenye kitako na kupiga kelele. Usikubali "tutaisaga kidogo itaingia". Bati linalosagwa kwa grinda limeshapoteza kipimo chake, na linapata moto mahali ambapo gundi inashikilia.

Kisha chunguza mahali kitu cha kusugua kinapokutana na bati. Pitisha ukucha. Pasiwe na mwanya, kutu iliyopakwa rangi juu, wala pembe iliyomeguka. Gonga pedi mbili kwa upole. Zinazoacha unga au chembe usizichukue. Zilinganishe zote nne zenyewe kwa zenyewe: rangi moja, unene mmoja, maandishi yaleyale, namba ya toleo ileile. Boksi lenye pedi za sura mbili lilishafunguliwa na mtu. Angalia na tahajia ya maandishi. Waigizaji wengi hukosea herufi moja ya jina, wakati mwingine kwa makusudi ili wasishikwe.

Kibati cha kelele, kile kiulimi cha chuma kinachogusa diski pedi ikikaribia kuisha, kiwe upande uleule kilipokuwa kwenye pedi ya zamani. Kwa kawaida hukaa kwenye pedi ya ndani.

Pedi za mtumba usinunue. Kioo, taa, mlango, hata kalipa iliyokaguliwa, nunua mtumba kwa amani. Pedi huwezi kuijua iliungua mara ngapi wala ilinyonya nini. Na kubandika lainingi mpya, yaani kitu cha kusugua, kwenye bati la zamani ni ufundi halali wa shuu za malori, wenye mashine na vipimo vyake, lakini kwa pedi za gari dogo, zilizobandikwa kwa gundi uani, siwezi kukaa kwenye hilo gari.

Dai risiti ya EFD, na mkubaliane mbele ya fundi kwamba zisipoingia zinarudi zikiwa hazijafungwa. Muuzaji anayeuza kitu kizuri haoni tabu. Anayeanza kukuita "ndugu yangu, tusikwazane" ameshakujibu.

Kufunga

Hata kama unamlipa fundi, simama pale. Haya ndiyo mambo ya kuangalia.

Afungue gurudumu moja kwanza amalize, ndipo aende jingine, ili lililobaki liwe mfano akisahau klipu ilikaa wapi. Kalipa aifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa bomba la raba. Asafishe kitako kwa brashi ya waya mpaka pedi mpya iteleze kwa mkono bila nguvu. Atoe pini, azifute, azipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya magurudumu huvimbisha raba, na baada ya miezi michache pini zinagoma tena. Mafundi wengi wanaipaka kwa sababu ndiyo iliyopo. Nunua tyubu yako ndogo, uwe nayo garini.

Kabla ya kurudisha pistoni, fungua kifuniko cha mafuta ya breki uangalie yamefika wapi. Pistoni ikirudi, mafuta yanapanda, yakimwagika yanabandua rangi ya gari. Pistoni irudishwe polepole kwa klampu, si kwa kupigwa bisibisi. Baadhi ya diski za nyuma zina pistoni inayorudi kwa kuzungushwa, ukiilazimisha unaiua. Pedi mpya zisiguswe na mikono yenye grisi, na diski isifutwe kwa dizeli wala petroli. Maji ya sabuni yakikaushwa vizuri yanafaa kama hakuna dawa ya kusafishia breki.

Nati zikazwe kwa mtindo wa msalaba. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni nyutoni mita 103, ambacho bomba refu la kuongezea wili spana hukivuka kirahisi sana.

Halafu kitu ambacho hakisameheki: kabla ya kuwasha na kuondoka, kanyaga pedeli mara nyingi mpaka iwe ngumu. Pistoni zimerudi nyuma, na kanyago la kwanza litazama hadi chini. Watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hili.

Kuzoesha, halafu mlima

Pedi mpya hazijakutana na diski vizuri. Tafuta kipande tambarare chenye magari machache, asubuhi ya Jumapili kwa mfano. Fika kilomita 50 kwa saa, kanyaga kwa kiasi mpaka 10 bila kusimama kabisa, ongeza mwendo tena. Rudia mara kumi hivi, ukiziacha zipumue katikati. Kisha endesha kama kilomita tano bila kugusa breki sana ili zipoe. Harufu kidogo ni ya kawaida. Usisimame ukiwa umeshikilia pedeli wakati diski ni moto, pedi itaacha alama yake pale na usukani utaanza kutetemeka. Kilomita 300 za kwanza usizipeleke Kitonga na mzigo.

Ukirudi nyumbani, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kupita mwenzake wa ekseli ileile, kalipa hiyo haiachii. Rudi kwa fundi siku hiyohiyo.

Na yale mafuta niliyoyataja mwanzoni: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogokidogo, na unyevu wetu wa masika hauna uhaba. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikishanyonya. Kifuniko cha gari lako kimeandikwa ipi. Lililoandikwa DOT 3 linakubali DOT 4, na kwa anayeshuka milima ni hela inayostahili. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Badilisha yote kila baada ya miaka miwili, kwa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne, si kujazia juu tu. Tena, yakipungua bila kuvuja popote, usijazie bila kuangalia pedi. Huenda ndizo zinakuambia zimekwisha.

Mteremkoni, shuka kwa gia uliyopandia au ndogo zaidi. Kwenye otomatiki tumia L au 2, ndizo kazi yake. Kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, achia kabisa, subiri, rudia. Pedi zikiachiwa zinapata upepo; zikikanyagwa kidogokidogo njia nzima, zinapikwa.

Boksi la pedi usilitupe. Kata upande wenye namba, andika kwa kalamu tarehe na kilomita za dashibodi siku uliyofunga, weka pamoja na kadi ya gari. Baada ya kilomita 5,000 vua tairi moja, chomoa kijiti cha kiberiti, upime.